Kasoro fiche katika nyumba iliyokarabatiwa

Kasoro fiche ni ubovu ambao mnunuzi hawezi kuubaini kwa ukaguzi wa kawaida kabla ya kununua, lakini unaishushia nyumba thamani au kuifanya isifae kukaliwa. Msingi uliotitia, paa linalovuja, mchwa ndani ya mbao, nyaya zilizoungwa ovyo juu ya dari ya gipsamu na mabomba yaliyooza chini ya vigae ni mifano yake. Makala hii inahusu nyumba iliyonunuliwa ikiwa chakavu, ikakarabatiwa harakaharaka na kuuzwa kwa faida, na inaeleza mnunuzi aliyepatwa anaweza kudai nini, kwa nani na ndani ya muda gani.

Nyumba ya namna hii haifanani na nyumba kuukuu ya kawaida mbele ya hakimu. Aliyerithi nyumba ya babu yake anaweza kusema kweli kwamba hakujua boriti zimeoza. Aliyekarabati alizibomoa dari na kuzikwangua kuta. Fundi aliyeziba ufa aliuona kabla ya kuuziba, na aliyemlipa fundi alijua analipia nini. Ndiyo maana plasta mpya iliyomdanganya mnunuzi ndiyo hiyohiyo inayoweza kuwa shahidi dhidi ya muuzaji.

Mfano mzuri upo Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kuta zake za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutokea usoni mwa ukuta na kukauka. Ukizipiga plasta ya saruji, zinang'aa na kunyooka. Lakini unyevu umezibiwa njia. Hubaki ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya saruji, rangi huanza kuvimba, kisha plasta hubambuka vipande vipande. Wakati huohuo ncha za boriti za mikoko zilizozama ukutani, zile zinazobeba sakafu ya juu, zinaoza bila mtu kuziona. Fundi mzoefu huigonga plasta kwa kidole, na pale ilipoachana na ukuta husikika mlio wa uwazi. Mnunuzi anayetazama rangi tu hapati habari hizo.

Sheria ya Kiingereza na matawi yake

Sheria ya Kiingereza, ambayo Kenya, Uganda na Tanzania ziliirithi kwa njia tofauti, ilianza na kanuni ngumu: mnunuzi ajihadhari. Muuzaji wa nyumba hawajibiki kutaja kasoro ambazo hakuulizwa. Hata hivyo kunyamaza na kuficha ni mambo mawili tofauti. Katika kesi ya Schneider dhidi ya Heath ya mwaka 1813, muuzaji alihakikisha meli yake iliyooza tumbo inabaki majini ili ubovu usionekane, na masharti ya kuiuza pamoja na kasoro zake zote hayakumwokoa. Mwaka 1986, katika kesi ya Gordon dhidi ya Selico, kanuni hiyo ilitumika kwa fleti ambayo mbao zake zilizoliwa na kuvu zilifunikwa kabla ya kuuzwa. Mahakama ilikubali kwamba kufunika ubovu kwa makusudi ni udanganyifu, hata kama hakuna aliyetamka uongo.

Kwa mkandarasi, Uingereza imekwenda mbali zaidi. Sheria ya mwaka 1972 kuhusu majengo yenye kasoro iliwabana wanaojenga makazi mapya. Sheria ya Usalama wa Majengo ya mwaka 2022 iliiongezea kifungu kinachogusa pia ukarabati wa kibiashara wa nyumba zilizopo, kwa kazi zilizokamilika baada ya 28 Juni 2022, na kutoa miaka 15 ya kufungua madai ikiwa kazi hiyo imeifanya nyumba isifae kukaliwa. Faida yake kubwa ni kwamba mnunuzi anaweza kumshtaki mkandarasi moja kwa moja, ingawa hakuwahi kuwa na mkataba naye.

Nchini Marekani kesi inayotajwa sana ni Johnson dhidi ya Davis, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Florida mwaka 1985. Nyumba iliuzwa kwa dola 310,000. Mnunuzi aliona plasta imevimba na kubambuka pembeni mwa dirisha, na madoa kwenye dari. Alipouliza, aliambiwa kwamba tatizo la dirisha lilikuwa dogo na lilisharekebishwa zamani, na madoa yalitokana na gundi ya karatasi za ukutani na kuhamishwa kwa boriti za dari. Akaongeza malipo ya awali hadi dola 31,000. Siku chache baadaye mvua kubwa ilinyesha, na maji yakamiminika kutoka dirishani, darini, kwenye taa hadi kwenye jiko. Mnunuzi alirudishiwa fedha zake, na mahakama ikaweka kanuni pana: muuzaji anayejua kasoro kubwa isiyoonekana kwa urahisi sharti aiseme. California imewalenga wakarabati wenyewe. Tangu 1 Julai 2024, anayeuza nyumba ndani ya miezi 18 tangu aipate lazima amweleze mnunuzi kazi zilizofanywa na makandarasi aliowapa kazi, na habari za vibali. Hiyo ndiyo njia sahihi, kwa sababu inamwezesha mnunuzi kujua kabla hajalipa.

Ufaransa, Kongo na fikihi

Sheria za Kifaransa hazianzi na mashaka juu ya mnunuzi. Kifungu cha 1641 cha Kanuni ya Madai kinamfanya muuzaji kuwa mdhamini wa kasoro fiche. Mnunuzi huchagua kurudisha nyumba na kupewa bei yake, au kubaki nayo na kurudishiwa sehemu ya bei. Anayo miaka miwili tangu agundue kasoro. Muuzaji asiye mfanyabiashara anaweza kujiondolea dhamana hiyo kwenye mkataba, ila si yule aliyejua. Mahakama za huko humhesabu aliyefanya ukarabati kwa mikono yake kuwa sawa na mtaalamu, kwa hiyo hawezi kudai kwamba hakujua. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina dhamana ya mfano huo kupitia amri ya 30 Julai 1888, iliyoletwa na Wabelgiji.

Katika fikihi ya Kiislamu, inayofahamika pwani na Oman, mnunuzi aliyekuta aibu, yaani kasoro, iliyokuwepo kabla ya kukabidhiwa mali ana khiyari: airudishe au aishike. Kuficha aibu kwa kuipamba bidhaa kunahesabiwa hadaa.

Tanzania na Kenya

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa haimsaidii mnunuzi wa nyumba, kwa kuwa ardhi si bidhaa. Tanzania Bara silaha yake ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 17 kinataja kuficha jambo kwa vitendo kuwa ni udanganyifu, na kifungu cha 19 kinamruhusu aliyedanganywa kuutengua mkataba au kuushikilia na kudai awekwe katika hali ambayo angekuwa nayo kama aliyoambiwa yangekuwa kweli. Kuna mtego ndani yake: muuzaji aliyenyamaza tu, au aliyetoa maelezo yasiyo sahihi bila nia ya kudanganya, anaweza kujitetea kwamba mnunuzi angeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Hapo tofauti kati ya ufa ulioachwa wazi na ufa uliozibwa kwa plasta ndiyo inayoamua kesi. Kenya hufuata kanuni za Kiingereza kupitia Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inayotaka pia mkataba wa ardhi uwe wa maandishi. Ahadi ya dalali barazani, kwamba mabomba yote yamebadilishwa, iandikwe kwenye mkataba.

Katika nchi zote mbili madai ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6, na madai ya madhara nje ya mkataba ndani ya miaka 3. Palipo na udanganyifu, muda huanza kuhesabiwa siku mnunuzi alipougundua, au alipopaswa kuugundua kwa uangalifu wa kawaida.

Ushahidi

Mnunuzi anayeomba fidia anahitaji kuthibitisha mambo matatu: kasoro ilikuwepo kabla ya mauzo, haikuonekana, na muuzaji aliijua. La tatu ndilo gumu, na ukarabati ndio unaolifungua. Stakabadhi za duka la vifaa, ujumbe wa simu kati ya muuzaji na fundi, picha za tangazo la zamani la nyumba ikiwa chakavu, kibali cha halmashauri au kukosekana kwake, yote huonyesha nani aligusa nini na lini. Fundi mwenyewe, hasa aliyedhulumiwa ujira, mara nyingi huwa tayari kueleza alichoagizwa kufunika. Ripoti ya mhandisi aliyesajiliwa iandikwe kabla ukuta haujarekebishwa, na muuzaji apewe taarifa kwa barua na nafasi ya kuja kukagua. Kama paa linahatarisha watu na haliwezi kusubiri, lizibwe, lakini vipande vilivyotolewa, mbao zilizoliwa na plasta iliyobambuka vihifadhiwe pamoja na picha zenye tarehe, kwa sababu mahakamani muuzaji atadai kwamba ubovu umeletwa na mnunuzi mwenyewe.