Simu janja ndani ya mwaka mmoja: haraka ilikula wapi?

Oktoba 2022, Rais William Ruto wa Kenya aliahidi simu janja ya chini ya dola 40, ipatikane ndani ya mwaka mmoja. Tarehe 30 Oktoba 2023 alifungua kiwanda cha EADAK, Athi River. Muda ulitimia, ila bei ikagoma: Neon 5 Smarta ilianza kuuzwa Sh7,499 za Kenya, karibu dola 50, na Neon 6.5 Ultra Sh8,999.

Tatizo linaanzia kwenye kalibu. Bodi ya plastiki ya simu inatoka kwenye kalibu ya chuma: plastiki iliyoyeyushwa inasukumwa ndani, inapoa, inatolewa. Kuichonga kalibu huchukua wiki kadhaa. Ikishachongwa, kusogeza tundu la chaji hata milimita mbili ni kurudi kwa fundi na kulipa tena. Kwa hiyo kampuni nyingi zenye haraka hazichongi ya kwao. Zinaenda Shenzhen, Uchina, ambako kalibu zipo tayari, zinachagua bodi, rangi na mahali pa nembo, basi. Ndiyo maana dukani unakuta simu za majina mawili zinafanana kama mapacha, mpaka kava la moja linaingia kwenye nyingine.

EADAK ni ubia wa Safaricom, Jamii Telecommunications na TeleOne ya Uchina, na kazi yake ni kuunganisha vipuri vinavyotoka nje. Bei ya kioo, memori na betri inakuwa imeshapangwa huko vinakotoka. Anayetaka kushusha bei anabaki na kupunguza tu: namba 5 na 6.5 kwenye majina ya Neon ni inchi za kioo, na tofauti ya Sh1,500 inaanzia hapo.

Wenye hela nyingi wanaweza kubadili mawazo dakika za mwisho. Steve Jobs alionyesha iPhone Januari 9, 2007 ikiwa na uso wa plastiki. Ilipoingia sokoni Juni 29 ilikuwa na kioo, baada ya kampuni ya Corning kugeuza uzalishaji wa kiwanda chake cha Kentucky. Simu ya dola 40 haina ubavu huo.

Sasa chukua Nokia 1100 ya mwaka 2003. Vitufe vyake vilifunikwa na mpira wa kipande kimoja ili vumbi lisipenye, ubavuni haitelezi mkononi, na tochi imekaa kichwani. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250, na mpaka leo simu ndogo ya vitufe tunaiita kitochi. Vitu kama hivyo haviongezwi wiki ya mwisho. Lazima viamuliwe kabla chuma hakijachongwa, na mtu anayejua simu inakwenda kuishi wapi.

Kwa mkulima wa Busi, Kondoa, inakwenda kuishi kwenye vumbi la kiangazi, mfukoni, shambani. Anayenunua simu ya bei nafuu aanze na tundu la chaji: waya ukae bila kucheza. Kisha aulize kama betri inatoka kwa mkono au mpaka fundi, na kama tochi inawaka bila kupapasa kioo chenye ufa.