Kuni Zilizowafuata Watu

Hapo zamani, katika nyanda za juu za Uhabeshi, mji mkuu ulikuwa kambi zaidi ya kuwa mji. Mfalme alipiga mahema, askari na watumishi wakajenga vibanda, na misitu ikafyekwa kwa nguzo na kuni. Kuni zilipokwisha, watu wote walizifuata penginepo. Mwaka 1886 Menelik alianza kushuka kutoka Entoto kuja Addis Ababa. Malkia Taytu alizipenda chemchemi za maji moto zilizoko huko, lakini uhaba wa kuni mlimani nao ulikuwa na nguvu yake.

Haikutimia miaka ishirini, dhiki ile ile ikarudi. Jumba jipya lilianza kujengwa Addis Alem, upande wa magharibi. Kuhama kukaahirishwa, na mwishowe jumba likageuzwa kanisa la Mariamu.

Kilichouokoa mji ni mkalitusi, mti wa Australia ulioletwa katika miaka ya 1890. Waamhara waliuita *bahir zaf*, yaani mti wa ng'ambo ya bahari. Hukua upesi, na ukikatwa, kisiki chake huchipua tena.

Wanahistoria humsifu Menelik kwa jambo hili, na ni haki yake. Sifa hiyo, hata hivyo, huishia msituni. Kutoka miteremko ya Entoto hadi majikoni, kwa vizazi kadha wa kadha, kuni hizo zilichukuliwa na wanawake, migongo imepinda, mizigo mingine ikikaribia uzito wa miili yao wenyewe.