Huduma za Mkoba: Zivuke Kizingiti cha Mzee

Kumpelekea mgonjwa matibabu huko aliko, badala ya kumsubiri kituoni, watumishi wa afya Tanzania huita huduma za mkoba. Wapo wanaosema kliniki tembezi, ila hiyo hasa ni gari lenye vifaa na wataalamu. Mkoba hauhitaji gari. Pikipiki inatosha, hata miguu.

Katika vijiji vya Newala na Masasi, mkoba ni wa mama na mtoto. Siku ikifika, mizani hutundikwa mtini, watoto hupimwa uzito, chanjo hutolewa kwenye kisanduku cha baridi. Kazi njema kabisa. Lakini mkoba huo huishia pale mtini, na anayetaka huduma lazima afike. Bibi wa Newala mwenye magoti yaliyokaza, anayeishi kwenye miteremko ya uwanda wa juu wa Makonde inayoshukia bonde la Ruvuma, atapandaje hadi hapo mtini? Mara nyingi vijana wa kumshika mkono wako Dar es Salaam.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mwenye miaka 60 na zaidi, na wazee wasio na uwezo wana haki ya kutibiwa bure. Haki hiyo hailipi nauli ya bodaboda. Dawa za presha zikikatika kwa kukosa nauli, kiharusi hakiulizi kitambulisho cha msamaha.

Ndiyo maana naona istilahi inayofaa ni huduma za mkoba majumbani kwa wazee. Neno majumbani tunalo tangu miaka ya UKIMWI, pale wanakijiji waliofundishwa walipozunguka nyumba kwa nyumba wakihudumia wagonjwa. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga kuwapata 137,294 kwa miaka mitano. Hao ndio wa kubeba mkoba huu: mashine ya presha, kipima sukari, bendeji, daftari. Dawa ziandikwe na mganga wa zahanati, wao wazifikishe.

Na wasiwe na haraka. Mhudumu aamkie shikamoo, akae mkekani, aulize mzee amekula nini tangu jana, kisha ainue miguu ya mwenye kisukari atazame nyayo, maana ganzi huficha kidonda mpaka kinaoza.

Viongozi wa vitongoji, andikeni majina ya wazee wasioweza kutoka ndani, myapeleke zahanati kabla ratiba ya mkoba haijapangwa.