Kufanya mazoezi na tumbo tupu: hukumu kwa aliyefunga na asiyefunga

Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Suali hili hutufikia kila Ramadhani inapokaribia, na waulizaji wake ni wa aina mbili. Kijana anayekimbia Maisara baada ya sala ya Alfajiri anauliza kama aendelee akiwa amefunga. Na mzee aliyeambiwa na daktari atembee kwa sababu ya sukari anauliza kama atembee kabla ya chai. Tunawajibu pamoja, kwani asili ya suala ni moja: mwili unaofanyishwa kazi bila ya chakula.

Asili ya hukumu

Mazoezi yanaruhusiwa, na mwenye kuyafanya kwa nia ya kuutunza mwili aliopewa amana anapata thawabu. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi mbele ya Allah kuliko aliye dhaifu, na wote wawili wana kheri. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.). Na vita vya Badr vilipiganwa ndani ya Ramadhani, mwaka wa 2 Hijria. Kwa hivyo saumu haikuletwa iwe udhuru wa kulala mchana kutwa.

Lakini jambo linalomdhoofisha aliyefunga linachukiza. Katika Sahihi Bukhari, Anas bin Malik (R.A.) aliulizwa kama walikuwa wakichukia aliyefunga kupigwa chuku, naye akajibu kwamba walichukia pale tu palipokuwa na udhaifu. Mazoezi tunayapima kwa kipimo hicho hicho. Yasiyodhoofisha hayana ubaya. Yanayodhoofisha ni makruhu. Na yale ambayo mtu anajua kwa mazoea kuwa yatamlazimisha kufungua, hayamfalii katika saumu ya faradhi.

Kazi si sawa na mchezo

Wapo wanaosema: "Mbona wavunaji wameruhusiwa kufungua?" Ni kweli kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam al-Adhrai ametoa fatwa juu ya wavunaji: lazima watie nia kila usiku na waamke wamefunga, kisha anayepata mashaka makubwa ndiye anayefungua. Kinamama wa Paje na Jambiani wanaoingia kwenye mwani maji yanapokupwa wanaweza kuingia katika hukumu hii, kwa kuwa kupwa hakungoji Magharibi na riziki ya nyumba imo humo. Mchezaji wa mpira hana udhuru huo, kwa sababu mchezo unaweza kusogezwa hadi usiku.

Saumu ya sunna, kama ya Jumatatu na Alkhamisi, ina wasaa zaidi. Mwenye kuifunga ni amiri wa nafsi yake. Akifungua hana dhambi, ingawa kukamilisha ni bora.

Wakati unaofaa

Kwetu Unguja mchana wa saumu ni kiasi cha saa 13, na haubadiliki sana mwaka mzima kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Kinachobadilika ni joto. Ramadhani ikiangukia Februari na Machi, mwisho wa kaskazi, jasho ni jingi. Njaa mwili unaweza kuistahamilia: ini lina akiba ya sukari, na akiba ikipungua mwili hugeukia mafuta. Maji yaliyotoka kwa jasho hayana mbadala mpaka mtu anywe.

Kwa hivyo:

- Anayekimbia baada ya Alfajiri huianza kiu mapema na kukaa nayo siku nzima. Huu ni wakati mzuri kwa siku zisizo za saumu.
- Matembezi mepesi ya nusu saa kabla ya Magharibi yanafaa kwa mwenye afya, kwani futari iko karibu.
- Mazoezi mazito ni bora yafanywe baada ya Tarawehe, kwa mtu aliyefuturu kwa kiasi. Aliyejaza tumbo kwa sambusa na tambi hatakimbia wala hatasali kwa utulivu.
- Daku isiachwe. Ni sunna yenye baraka, na maji yake ndiyo msaada wa mchana.

Kuogelea na kupiga mbizi

Vijana wetu wanaojirusha baharini pale Forodhani wazingatie. Kujipoza kwa maji kunaruhusiwa, na imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alijimiminia maji kichwani akiwa amefunga, kwa kiu au joto. Ama kupiga mbizi ni makruhu kwa aliyefunga. Maji yakipenya ndani kwa sababu hiyo saumu inabatilika, hata kama hakukusudia kuyameza, kwa kuwa hakuamrishwa kupiga mbizi.

Wenye maradhi

Mwenye sukari anayetumia insulini au vidonge aonane na daktari wake kabla ya Ramadhani, na asipange mazoezi bila ya ushauri. Kuchoma kidole kupima sukari hakufunguzi saumu. Kipimo kikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6 (milimoli kwa lita), wataalamu wanaelekeza mtu afungue. Sheria inakubaliana nao, kwani Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyengine. Na asiyefunga, akiwa anatumia dawa hizo, apime kabla ya kutembea bila ya chai na achukue kitu kitamu mfukoni.

Ukizidiwa

Jioni moja ya Ramadhani tulikuwa karibu na kiwanja, kijana akaanguka katikati ya mpira. Wenzake walimpelekea maji mdomoni, naye fahamu anazo, akafunga meno. Akasema hataki kukutana na Mola wake akiwa amefungua. Tulimwambia: kunywa, mwanangu, hii ndiyo ibada yako sasa. Alikunywa huku analia.

Tunataka kila familia ilijue hili. Kosa la kijana yule lilikuwa kucheza kwa nguvu jua likiwa bado kali. Kunywa kwake halikuwa kosa. Anayekhofia kuangamia inamuwajibikia kufungua, na akijizuia anapata dhambi. Atalipa siku moja, wala hana kafara.

Dalili ni kizunguzungu, macho kuingia kiza, kutetemeka, jasho la baridi na maneno kuchanganyika. Aache mara moja, alazwe kivulini, amwagiwe maji, anyweshwe akiwa na fahamu. Akiwa hana fahamu asitiwe chochote mdomoni, apelekwe hospitali. Kuzimia peke yake hakubatilishi saumu iwapo alikuwa na fahamu japo kitambo kidogo cha mchana.

Enyi wazazi, msiwasifu watoto kwa kuvumilia mpaka wakaanguka. Wafundisheni kufunga, wafundisheni na lini kufungua.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.