Ndege ya Mafunzo

Ndege ya jeshi ikianguka, magazeti yetu huandika mara "ndege ya mazoezi", mara "ndege ya mafunzo", kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja. Ndege yoyote ya kivita inaweza kuwa mazoezini asubuhi na vitani jioni. Mazoezi ni shughuli ya siku ile tu. Mafunzo yametiwa ndani ya ndege tangu ilipochorwa: viti viwili, usukani kwa kila kiti, mwendo unaomvumilia anayekosea, miguu inayostahimili kutuliwa kwa kishindo. Gari la chuo cha udereva lenye breki ya pili miguuni mwa mwalimu linabaki gari la kufundishia hata likiegeshwa tupu sokoni Mbinga, na ndege hizi ni vivyo hivyo.

Jeshini lugha imeshalitatua jambo hili. Kuruta yuko mafunzoni. Akihitimu, huenda mazoezini na kikosi chake. Tungeweza kusema "ndege ya kufundishia", ila hapo anatazamwa mkufunzi peke yake, na "ya kujifunzia" humtazama mwanafunzi peke yake. Mafunzo yanawachukua wote wawili.

Mwanzoni ndege ya namna hii haikuwapo. Marubani walijifunzia ndege yoyote iliyopatikana, na wengi walikufa kabla hawajamwona adui. Mwaka 1917, huko Gosport, Uingereza, Robert Smith-Barry alibadilisha mambo kwa kutumia Avro 504. Mwanafunzi alikalishwa kiti cha rubani, mkufunzi akawa na usukani wake, na sauti ya mkufunzi ikamfikia mwanafunzi kwa bomba la kuzungumzia. Hatari nazo zilifuatwa kwa makusudi: ndege iliachwa ianguke ikizunguka, kisha mwanafunzi akafundishwa kuitoa humo.

Baadaye ikaja ngazi. Katika Vita vya Pili vya Dunia, mwanafunzi aliyepelekwa Rhodesia ya Kusini alianza na Tiger Moth, ndege nyepesi ya mabawa mawiliwili iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1931, kisha akapanda Harvard yenye injini ya nguvu za farasi 600 hivi. Ndipo tukapata "ndege ya mafunzo ya awali" na "ndege ya mafunzo ya juu". Mpangilio wa maneno uangaliwe hapa: ukiandika "ndege ya juu ya mafunzo", msomaji atadhani inapaa juu kuliko nyingine.

Harvard ndiyo iliyolitia neno letu majaribuni, na ililitia jirani kabisa na kwetu. Wamarekani walioibuni waliiita T-6, na kwa jina hilo Wareno waliitumia Msumbiji. Ukiambaa ufukwe wa Ziwa Nyasa kwenda kusini, ukapita Liuli na Mbamba Bay hadi Chiwindi, unafika mpakani. Ng'ambo ni Niassa. FRELIMO walipoanza vita Septemba 1964, Wareno walikuwa na kituo cha wanamaji Metangula, kwenye ziwa hilihili, na uwanja wa ndege Vila Cabral, ambayo sasa ni Lichinga. T-6 zilifungwa bunduki, roketi na mabomu chini ya mabawa.

Kwa nini ndege ya wanafunzi? Kwa sababu zilezile zilizoifanya iwe ya wanafunzi. Ilikwenda polepole, kwa hiyo rubani aliweza kukagua njia za msituni. Ilitua kwenye viwanja vya udongo, na matunzo yake yalikuwa rahisi. Kasoro yake ni kwamba ilipiga kelele mno, maana ncha za rafadha yake zilikaribia kasi ya sauti, hivyo haikuweza kumnyemelea mtu. Miaka kama kumi kabla yake Waingereza walikuwa wamefanya jambo hilohilo Kenya: mwaka 1953 waliunda kikosi cha Harvard, wakazifunga mabomu madogo na kuzituma kwenye misitu ya Mau Mau.

Je, ndege iliyodondosha bomu Niassa iendelee kuitwa ya mafunzo? Naona iendelee, mradi mwandishi aongeze "yenye silaha". Jina lieleze ilivyoundwa, na nyongeza ieleze ilichofanyiwa. Mwandishi akiiita "ndege ya mafunzo" akaishia hapo, amemficha msomaji bomu; akiiita "ndege ya kivita" tu, amempa Mreno jeshi la anga la kisasa kuliko alilokuwa nalo.

Upande wetu wa mpaka, JWTZ lilizaliwa mwezi huohuo wa Septemba 1964, na miongoni mwa ndege zake za kwanza zilikuwamo za mafunzo aina ya Piaggio P.149 kutoka Ujerumani Magharibi. Ugomvi juu ya uwakilishi wa Ujerumani Mashariki ukawaondoa Wajerumani hao mwaka 1965, nafasi yao wakaishika Wakanada. Miaka ya 1970 Wachina walileta jeti na kujenga kambi ya anga ya Ngerengere. Jeti zilidai mafunzo mapya. Injini zake za zamani zilichelewa kuitika, kwa hiyo rubani aliyezoea rafadha alilazimika kuomba nguvu mapema kabla hajazihitaji.

Kisha kuna K-8, kazi ya pamoja ya China na Pakistan, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1990 na kununuliwa na Tanzania, Zambia na Zimbabwe. Roketi za T-6 ziliongezwa baada ya kazi ya shule. K-8 imetoka kiwandani na sehemu za kutundikia silaha, na huuzwa kwa kazi zote mbili. Hiyo iandikwe "ndege ya mafunzo na mashambulizi mepesi", hata kama kichwa cha habari kitakosa nafasi.