Malezi katika familia ya askari polisi: kazi, zamu na watoto

Kazi ya polisi haina saa za ofisi. Kuna lindo la usiku, doria, wito wa ghafla na uhamisho. Kama wewe au mwenzi wako ni askari, iwe mnaishi kota za polisi Mpanda mjini au nyumba ya kupanga Mwamkulu, watoto nao wanaishi na zamu hizo. Ratiba ya kituo huwezi kuibadilisha. Kinachowezekana ni kubadilisha namna mzazi anavyorudi nyumbani.

Aina nne za malezi

Katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia wa Marekani Diana Baumrind alieleza aina tatu za malezi. Watafiti wengine waliongeza ya nne mwaka 1983.

• Ya amri: sheria nyingi, maelezo na upole kidogo.
• Ya kuachia: upendo upo, mipaka haipo.
• Ya kutelekeza: upendo haupo, na mipaka pia haipo.
• Ya upendo na mipaka: mtoto anasikilizwa, lakini sheria zinajulikana.

Aina ya mwisho ndiyo inayomsaidia zaidi mtoto kujiamini na kujidhibiti. Askari anayeshinda akitoa na kupokea amri huweza kuja na sauti ileile nyumbani. Mwingine, kwa kuona amekosekana siku nyingi, humwachia mtoto kila kitu. Mtoto akikutana na mzazi mmoja mkali na mwingine asiyekataa neno, hajui ashike lipi.

Unachoweza kufanya

• Acha kusema, "Subiri baba yako arudi!" Mtoto atajifunza kuogopa kurudi kwake. Kosa limalizeni palepale, kwa utulivu.
• Kubalianeni sheria chache za nyumbani, nanyi wote mzifuate.
• Mweleze mtoto mapema: "Leo mama yuko lindo, atarudi asubuhi."
• Anayetoka lindo apumzike kwanza, kisha awape watoto hata dakika 15 bila simu.
• Wewe unayebaki na watoto nawe unachoka. Omba msaada kwa bibi, shangazi au jirani unayemwamini.

Dalili za kuangalia

Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akaanza tena, anayeshtuka usingizini, anayejitenga au kushuka ghafla shuleni anahitaji kusikilizwa. Hali ikiendelea, mpeleke kituo cha afya. Mzazi asiyelala, mwenye hasira za mara kwa mara au anayekunywa pombe kupita kiasi naye anahitaji huduma.

Kukiwa na kipigo nyumbani

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda kila mtoto, hata mtoto wa askari. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Ukiona vigumu kwenda huko kwa sababu anayepiga anafanya kazi hapohapo, nenda kwa ofisa ustawi wa jamii, au piga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto. Kutafuta msaada si kumharibia mwenzako kazi. Ni kumlinda mtoto.