Nyumba Hai, Nyumba Mfu: Historia ya Hukumu Katika Bao na Go

Mwezi Juni baridi ya Ufipa haina mzaha. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na wazee wanaokutana barazani kucheza bao hawavui makoti hata jua likiwa utosini. Jioni moja ya msimu huo niliwakuta wawili wamesimamisha mchezo. Kete za mmoja zilikuwa zimeishia kwenye nyumba yake, lile shimo maalumu la kila mchezaji, naye alitaka kulala hapo, yaani kuukatisha mzunguko wake na kuziacha kete zilipo. Mwenzake akakataa: nyumba hiyo si nyumba tena, sharti azichote zote na aendelee.

Watazamaji wakagawanyika. Mwenye nyumba alionyesha kete nane zilizojaa shimoni: nyumba yenye kete sita au zaidi ni hai, nani asiyejua? Mwishowe akaulizwa mzee aliyeegemea ukuta kimya. Yeye hakuhesabu kete. Aliuliza tu kama nyumba ile ilishasafiri, yaani kete zake zilishachotwa na kupandwa, tangu mchezo uanze. Ilishasafiri. Basi imekufa, na hata ikijazwa kete ishirini itabaki shimo kama mashimo mengine. Mchezo ukaendelea.

Nimeifikiria sana hukumu ile. Kila mchezo mkubwa duniani una mahali pake ambapo watu wazima huulizana kilicho hai na kilichokufa, na historia ya mchezo huonekana vizuri zaidi hapo kuliko kwenye orodha ya mabingwa.

Tuanze na bao lenyewe. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane, jumla 32, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete sita kwenye nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili jirani, na 22 mkononi. Hatua ya kwanza ni namua, ambapo kete za mkononi huingizwa moja moja. Zikiisha, huanza mtaji. Kete inayoliwa haitolewi nje ya bao. Aliyekula huipanda upande wake kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, ikawa yake. Kwa hiyo tangu mwanzo hadi mwisho kete ni 64 zile zile. Kete haifi, hubadili mwenyewe tu. Kinachokufa ni nyumba, halafu safu ya mbele. Ukibaki huna kitu mbele, hamna, umefungwa.

Jamaa wa mchezo huu wameizunguka Ufipa pande zote. Kaskazini, Wasukuma na Wanyamwezi wana isolo. Kusini, Zambia kuna nsolo, na Malawi huchezwa bawo, ndugu wa karibu kabisa wa bao la pwani. Magharibi, bandari za Ziwa Tanganyika kama Kirando zilipokea wafanyabiashara Waswahili na Waarabu katika karne ya 19. Nyanda hizi zilikuwa njia panda ya watu, lugha na michezo. Wapitao njia panda huja na desturi zao, na ndiyo maana barazani inahitajika sauti ya mzee wa kuamua ni kanuni ipi inayoshikwa hapa.

Wajapani walikuwa na wazee wa namna hiyo pia. Mchezo wao, Go, huchezwa kwa mawe meusi na meupe kwenye ubao wa mistari 19 kwa 19, yaani makutano 361. Jiwe likishawekwa halisogei. Kundi la mawe lililozingirwa huishi likiwa na nafasi mbili za ndani, wanazoziita macho, ambazo adui hawezi kuziziba kwa pamoja. Kundi lenye jicho moja limekufa, hata kama bado limekaa ubaoni.

Hapo ndipo penye ugumu. Kwa hesabu ya Kijapani, mshindi ni mwenye eneo tupu kubwa zaidi baada ya kuondoa mawe aliyotekwa. Ukiweka jiwe ndani ya eneo lako ili kumaliza kuua kundi lililokwisha kufa, unajipunguzia pointi. Kwa hiyo mawe maiti huondolewa bila kuuawa, kwa makubaliano. Wasipokubaliana, lazima pawepo hukumu. Wachina huhesabu pamoja mawe yaliyo hai na eneo lake, kwa hiyo mbishi anaweza kuambiwa acheze mpaka mwisho bila kumgharimu mwenzake. Wajapani hawana njia hiyo.

Kwa karne nyingi hukumu hizo zilitoka kwenye nyumba za mabingwa, yaani shule zao za Go, hasa nyumba ya Honinbo, na hazikuwa na kitabu. Mwaka 1928 mambo yakafika shingoni. Mchezaji Segoe Kensaku alicheza na mwenzake Takahashi Shigeyuki, na mwishoni ikabaki kona ambayo hakuna aliyelazimika kuianza, wala hakuna kanuni iliyosema ihesabiweje. Honinbo Shusai, mkuu wa mabingwa wakati huo, aliamua kwamba mwenye mawe meupe ameshinda, lakini mwenye mawe meusi hakushindwa. Hukumu ilituliza watu, ila haikuwa sheria.

Mwaka 1948 mgogoro wa aina hiyo ukazuka tena, kati ya wachezaji Go Seigen na Iwamoto Kaoru. Mwaka uliofuata chama cha Go cha Japani, Nihon Ki-in, kilitoa kanuni kwa maandishi kwa mara ya kwanza. Baadhi ya vipengele vilikuwa hukumu za kale zilizoorodheshwa moja moja. Mfano ni umbo la mawe manne yaliyopinda kwenye kona, lililotangazwa kuwa maiti bila kuchezwa. Mwaka 1959 Go Seigen aliingia kwenye ubishi mwingine, safari hii na Takagawa Kaku. Maandishi yalikuwepo, lakini hayakutosha.

Ndipo mwaka 1989, tarehe 10 Aprili, zikatolewa kanuni mpya zilizoanza kutumika 15 Mei. Badala ya orodha ya hukumu, ziliweka njia moja ya kuthibitisha uhai na kifo baada ya mchezo kusimama. Mawe manne ya konani yakabaki maiti, ila sasa kwa sababu inayoelezeka, si kwa neno la bingwa wa kale.

Iliwachukua Wajapani miaka 61, kutoka hukumu ya Shusai hadi kanuni za 1989, kulifikisha neno la mzee kwenye kanuni inayoweza kufundishwa. Bao letu nalo limewahi kuandikwa. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mabingwa wa Zanzibar na mwaka 1995 akatoa kitabu kuhusu ubingwa wao. Ni kazi ya kushukuru, lakini iliandikwa kwa Kiingereza, na ilichota kwa mafundi wa Unguja. Baraza za bara, za Sumbawanga na kwingineko, nazo zina neno la kusema.

Kuna kitu kinaniuma. Mzee wa ukutani siku ile alitatua kwa swali moja ubishi ambao ungewachukua vijana jioni nzima. Swali lile ni elimu, na alilirithi kwa mtu. Akiondoka bila kulirithisha, watakuja wachezaji wa kuhesabu kete nane na kuamini nyumba ingali hai.

Walimu wa Rukwa, maofisa utamaduni, na wewe msomaji mwenye babu anayecheza: chukueni daftari mkae barazani. Ubishi ukitokea, andikeni swali lililoulizwa, jibu lililotolewa na sababu yake. Anzeni wiki hii, wazee wangali wanakaa ukutani.